Risiti Inasema Tuliulizwa

Mwenzetu mmoja anauza mabegi ya safari Kariakoo. Mara mbili kwa mwaka hupanda ndege kwenda Dubai, hulala Deira jirani na soko la Naif, hununua mzigo wake, huukabidhi kwa wasafirishaji na kurudi. Safari iliyopita alilipia mabegi ya dirham 1,850 kwa kadi ya akaunti yake ya dola. Keshia, kijana mchangamfu aliyekwisha kumsalimia kwa Kiswahili, aliichomeka kadi, akatazama kioo cha mashine, akabonyeza kitufe kimoja, ndipo akamgeuzia aweke namba ya siri. Akaweka. Asante mama, karibu tena.

Risiti alikuja kuisoma usiku hotelini, viatu kavua, daftari la hesabu liko mapajani. Juu imeandikwa AED 1,850.00. Chini yake, USD 523.89. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kukazia macho, kuna sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba mwenye kadi amepewa nafasi ya kuchagua fedha ya kulipia, na kwamba amekubali kiwango kilichotumika.

Alitupigia simu usiku uleule. Hela ilimuuma, lakini si hela aliyokuwa akiirudia. Alikuwa akirudia swali moja tu: "Nimeulizwa saa ngapi?"

Tuipige hesabu yake, maana haihitaji mtaalamu. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997. Dola moja ni dirham 3.6725, na hapo haipandi wala haishuki. Kwa hiyo dirham 1,850 ni dola 503 na senti 74. Mashine ilimkata dola 523 na senti 89. Kati ya hapo na pale kuna dola 20, asilimia nne ya mzigo wote, kwa kazi ya kugawanya namba moja kwa nyingine ambayo mtoto wa darasa la sita angeifanya kwa kalamu. Kwa shilingi ni kama elfu hamsini. Yeye anajua elfu hamsini inapatikana kwa kuuza mabegi mangapi, na sisi tunajua.

Aliporudi alituonyesha ile risiti kwenye ofisi ya wakala wa mizigo, pale Mtaa wa Msimbazi, tunakokaa kwenye benchi kusubiri habari za makontena. Ikapita mkono kwa mkono. Kabla haijamaliza benchi kila mtu alikuwa na yake ya kusimulia.

Dada anayeleta nguo kutoka Istanbul alikuwa na ya kwake ya ATM. Alikwenda kutoa lira za kulipia mzigo wa Laleli. Mashine ikamwandikia kiasi alichotaka, kando yake kiasi hicho kwa dola, halafu vitufe viwili: kubali, kataa. Akafikiri, kama wengi wetu tungefikiri, kwamba akibonyeza kataa hela haitoki na kadi pengine inamezwa. Nyuma yake kuna foleni, saa ya kukutana na mwenye kiwanda imekaribia. Akakubali. Kumbe kile kitufe kinakataa kubadilishiwa fedha na mashine tu. Ukikibonyeza, lira zako zinatoka vilevile na benki yako inabadilisha kwa kiwango chake. Hakuna aliyemwambia hivyo, na kwenye kioo hakuna mahali palipoandikwa kwamba pesa zitatoka kwa vyovyote.

Kaka aliyesimamia kikundi cha watu wa Umra alikuwa na ya Madina. Hoteli riyali 3,000. Riyali ya Saudia nayo imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, tangu mwaka 1986, hivyo riyali 3,000 ni dola 800 kamili, bila hata senti juu. Risiti yake inasoma 840. Dola 40 za mahujaji, watu walioweka akiba shilingi kwa shilingi, wengine miaka kumi, wamelala njaa ya makusudi ili wafike kwenye msikiti wa Mtume. Alipotusimulia hilo benchi lilinyamaza.

Na shemeji yetu wa Mombasa, ambaye binti yake anasoma London, alinunua koti la baridi huko kwa kadi ya shilingi za Kenya. Mashine ikampigia bei kwa shilingi, akaona ni heshima, wamemjali hadi wakamwekea fedha ya kwao. Kesho yake koti likawa dogo, akalirudisha. Walimrudishia kwa shilingi pia, kwa kiwango cha siku ile na cha upande wa pili, pungufu ya alizolipa. Koti hana na pesa haijatimia. Hakuna aliyemwibia kwa mkono, wala hakuna pa kumshika mtu.

Wenye kazi hiyo huiita DCC, na herufi hizo huweza kuonekana kwenye risiti. Kadi ikisomwa, mashine inaangalia namba za mwanzo za kadi na kutambua imetolewa na benki gani, ya nchi gani. Papo hapo inatengeneza bei nyingine kwa fedha inayodhani ni ya kwenu. Kiwango hicho hakitoki kwenye benki yako wala kwenye mtandao wa kadi. Kinapangwa na benki ya mwenye duka pamoja na kampuni inayofanya biashara hiyo, na ndani yake wamekwisha kutia nyongeza yao. Asilimia tatu, nne, tano, na mahali pengine zaidi. Nyongeza hiyo hugawanywa, na mwenye duka naye ana fungu lake. Ndiyo maana kidole cha keshia kinakwenda haraka kwenye dola. Hatumlaumu sana yule kijana wa Deira, yeye kaajiriwa na kafundishwa hivyo. Lakini tunajua sasa kwamba ile haraka haikuwa ya kutusaidia.

Watatuambia ni huduma: mteja anajua palepale kakatwa kiasi gani kwa fedha anayoielewa. Tumelifikiria jibu hilo kwa haki. Kujua ni kitu kizuri, na simu zetu zina kikokotoo. Kama ni kutujulisha, waonyeshe bei kwa dola kwa kukadiria na waache tulipe kwa dirham. Kutujulisha hakuhitaji asilimia nne.

Duka la kubadilishia fedha lina ubao. Umesimama mlangoni unaona: dola wananunua kwa kiasi hiki, wanauza kwa kiasi hiki. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo faida yao, imeandikwa kwa herufi ambazo hata asiye na miwani anazisoma. Ukiwa na hela nyingi unaomba wakuongezee, na wasipotaka unavuka barabara kwenda kwa mwingine. Maduka mengi ya namna hiyo yalifungwa Arusha mwishoni mwa 2018 na Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019, na wengi wetu tukahamia kwenye kadi. Kutembea na kadi ni salama kuliko kutembea na bulungutu kiunoni, hilo tunalikubali kwa moyo mmoja. Ila ubao tuliuacha nyuma. Kwenye mashine ya kadi kiwango kinakuja kikiwa na namba nne baada ya nukta, sekunde mbili, huku mtu mwingine ndiye ameishika mashine.

Halafu kuna kukatwa mara mbili, na hapa ndipo wengi tunapoumia bila kujua jeraha liko wapi. Kadi zetu nyingi nchini si za mkopo, zinachukua hela moja kwa moja kwenye akaunti, na akaunti za wengi ni za shilingi. Ukienda nazo Dubai, mashine inaweza kukupigia dola. Basi dirham zinageuzwa dola kwa kiwango cha kule, na nyongeza yao. Dola hizo zinafika kwenye benki yako hapa, nazo zinageuzwa shilingi kwa kiwango cha benki, na nyongeza ya benki. Juu yake benki nyingi huweka makato ya muamala wa nje kwa sababu tu duka liko nje, hata kama bei ilikwisha kugeuzwa. Mzigo mmoja, milango miwili, kila mlango una mtoza ushuru. Ukija kusoma taarifa ya akaunti unaona kiasi kimoja kikubwa cha shilingi na jina la duka lililokatwa katikati. Huwezi kujua nani kachukua nini.

Kwa hiyo manung'uniko yetu hayaishii Deira. Tunayarudisha nyumbani, kwa benki zetu, na kwa kweli hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu hawa ni wetu. Ukishuka uwanja wa ndege wa nchi yoyote na kuwasha simu, kabla hujafika kwenye meza ya pasipoti meseji imeingia: karibu katika nchi fulani, kupiga simu nyumbani dakika moja ni kiasi hiki, kupokea ni kiasi hiki, ujumbe ni kiasi hiki. Kampuni ya simu imejua umefika na imekwambia bei kabla hujaitumia huduma. Benki nayo inajua. Wengine tunalazimika kuwaarifu kabla ya kusafiri ili kadi isifungwe, tunawatajia nchi na tarehe. Mara ya kwanza kupitisha kadi wanaona. Meseji yao inayokuja ni moja tu, ya kusema umekatwa. Kwa nini isije moja kabla, yenye maneno kumi: ukiulizwa, chagua fedha ya nchi uliyopo, usichague dola wala shilingi?

Mmoja wetu aliuliza swali hilo kwenye kaunta ya benki yake. Binti aliyemhudumia alikuwa na adabu na alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hilo ni suala la mashine ya kule, wao hawahusiki. Ni kweli mashine si yao. Lakini mteja ni wao, kadi ina jina lao, na makato ya muamala wa nje wameyachukua wao. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu mwaka 2019, na zinataka mteja aelezwe gharama kwa uwazi. Karatasi ya makato ambayo benki hubandika ukutani inaitaja kadi nje ya nchi kwa mstari mmoja, asilimia fulani ya muamala. Kiwango cha kubadilishia chenyewe, ambacho ndani yake mna nyongeza nyingine, hakimo.

Wenzetu wa Ulaya walilalamika hadi wakatungiwa sheria. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 518, na tangu tarehe 19 Aprili 2020 anayembadilishia mwenye kadi fedha kwenye ATM au dukani anatakiwa amwonyeshe, kabla hajalipa, nyongeza yote kwa asilimia, ikilinganishwa na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Asilimia, hiyo tu. Sio namba nne baada ya nukta. Mtu anaona "nyongeza asilimia 6" na anajua la kufanya. Kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya malipo ya ndani ya Umoja wao, ikalinda kadi zao. Mwanamke wa Kariakoo aliyesimama mbele ya ATM ileile hana haki ya kuonyeshwa hiyo asilimia. Kwa nini nchi zetu za Afrika Mashariki zisikae na mitandao ya kadi na kudai mstari uleule uonekane kwa kadi zetu? Mashine ni moja, programu ni moja, mstari wanao tayari.

Na Marekani, mwaka 2006, mitandao mikubwa ya kadi pamoja na benki kadhaa ilikubali kulipa dola milioni 336 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba makato ya kubadilisha fedha za kigeni yalipangwa kwa pamoja na kufichwa. Haikukiri kosa, lakini ililipa. Waliodai walikuwa watu kama sisi, wenye risiti mkononi. Tunalitaja hilo kwa sababu kila tukilalamika anatokea wa kutuambia dola 20 ni kitu kidogo.

Tunachokijua sasa tumekijua kwa kulipishwa, na tunakigawa bure. Taja fedha kabla ya kutoa kadi. Sema "dirham", "lira", "paundi", kwa sauti, wakati kadi bado iko mkononi mwako. Neno hilo moja halihitaji Kiingereza. Omba mashine uishike wewe. Ukiona bei mbili kwenye kioo, gusa ile ya nchi uliyopo. Keshia akiwahi kubonyeza dola, usiweke namba ya siri, mwambie afute aanze upya. Na kama umekwisha kuweka na risiti imetoka, usiondoke: muamala unaweza kufutwa palepale na kurudiwa kwa fedha ya pale. Atakwambia haiwezekani. Simama. Sheria za mitandao ya kadi, Visa na Mastercard wote, zinasema uchaguzi ni wa mwenye kadi, si wa keshia, na mwenye kadi aliyebadilishiwa bila ridhaa yake ana haki ya kupeleka pingamizi kupitia benki yake. Kwa hiyo risiti usiitupe, ipige picha, maana wino wake hufifia kabla hujafika nyumbani. Mitandao yote miwili ina kurasa zake za wazi zinazoonyesha kiwango cha kila siku, unaweza kulinganisha mwenyewe usiku hotelini.

Kusema "simama" ni rahisi ukiwa Msimbazi. Kule ni vigumu, na jambo hili tungependa wanaotunga hizi mashine walijue. Ugenini mtu anakuwa mdogo. Lugha si yako, nyuma yako watu wanahema, keshia anakutazama kama unayechelewesha dunia. Unaogopa kuonekana hujui kutumia kadi, au mbaya zaidi, kuonekana kadi yako haina hela. Mtu mzima anayeendesha duka na kulipa watu mishahara anajikuta anabonyeza chochote ili aondoke. Kile wanachokiita kukubali ndicho hicho. Ile sentensi ndogo chini ya risiti inachapwa na mashine hata kama aliyebonyeza si wewe. Imechapwa kwa mwenzetu ambaye kioo hakukiona. Saini yetu inawekwa na mashine ya mtu mwingine, kwa lugha ya mtu mwingine, baada ya tendo kuisha, na tukilalamika karatasi hiyo ndiyo inayotolewa kuwa ushahidi dhidi yetu.

Mwaka 2025 Serikali ilipiga marufuku bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni, tukaambiwa Tanzania ni shilingi. Tukaliona ni jambo la haki, kila nchi iuze kwa fedha yake. Tunaomba haki hiyohiyo tukivuka mpaka: Dubai tuuziwe kwa dirham, Madina kwa riyali, London kwa paundi, na anayetaka kingine aombe mwenyewe kwa mdomo wake.

Mwenzetu wa mabegi ameandika barua kwa benki yake na kuambatanisha nakala ya risiti. Anasubiri. Wakati huohuo mama yake mkubwa anajiandaa kwenda Umra na kadi ya kwanza ya maisha yake. Kiingereza hajui na kusoma kwake ni kwa taabu. Juzi tulimkuta kwenye benchi amevaa miwani, kadi iko kwenye goti. Amekata kipande cha plasta ya kidonda, ameibandika nyuma ya kadi chini ya ule ukanda mweusi, na mpwa wake amemwandikia herufi tatu kwa kalamu ya wino: SAR. Alikuwa akizipitia kwa kidole, moja moja, ili akiziona kwenye kioo cha mashine azitambue.